Je, Wajua? Redio Mpya Ndani ya Gari la Kizamani

Mjomba wangu aliishusha Toyota Mark II yake Mbaha mkesha wa Krismasi, kwa barabara ya Kitai hadi Lituhi, kisha akaufuata ufuko wa Nyasa. Ilikuwa GX 110, mtumba wa Japani, ina viti laini kama makochi ya sebuleni na plastiki yenye sura ya mbao kwenye dashibodi. Tope lilikuwa limefika kwenye vioo. Kabla hata hajapewa maji ya kunywa alitaka tuisikie redio. Akawasha. Namba zikapanda 76, 80, 85, 90, kisha zikarudi 76. Hakuna kitu. Mvumo tu, kama ziwa lisikikavyo usiku ukiwa ndani.

"Imekufa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa bado iko Japani.

Je, wajua kwamba redio za Kijapani ziliishia 90 kwa sababu ya televisheni? Sehemu kubwa ya dunia, na sisi tukiwemo, FM inaanzia megahezi 87.5 hadi 108. Japani waliipa redio 76 hadi 90, na nafasi ya kuanzia 90 hadi 108 wakawapa watu wa televisheni: chaneli ya 1, ya 2 na ya 3 zilikuwa hapo. Julai 2011 matangazo ya analojia yakazimwa karibu nchi nzima, nafasi ikabaki wazi, na baadaye stesheni za redio zikaruhusiwa kupanda hadi 95. Lakini gari lililotoka kiwandani mwaka 2002 halina habari hiyo. Kwetu linaambulia kipande kidogo tu, kati ya 87.5 na 90, na kama eneo lako halina stesheni hapo, utasikiliza mvumo mpaka uliuze.

Dawa ya bei nafuu ni kikasha kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Mafundi wanakiita ekspanda. Kazi yake ni kuzishusha stesheni zote kwa kiasi kilekile ili ziingie kwenye dirisha la Kijapani. Kikiwa cha kushusha megahezi 14, stesheni ya 101.2 utaikuta kwenye 87.2. Dereva anajifunza kutoa kichwani, kama mtu anayebadilisha kwacha kuwa shilingi. Tatizo ni kwamba dirisha lenyewe lina upana wa megahezi 14 tu, na masafa yetu yana zaidi ya 20. Lazima kuna stesheni itakayobaki nje, na kwa bahati ya kawaida ya binadamu huwa ni ile unayoipenda.

Wenye magari yaliyotengenezewa Marekani wana kero yao nyingine. Kule stesheni za FM hukaa kwenye desimali witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5. Redio iliyofungwa kwa mtindo huo hupaa kutoka 92.3 hadi 92.5 bila kugusa 92.4. Unaisikia stesheni ikikwaruza pande zote mbili, na katikati hufiki.

Kwa hiyo watu hung'oa redio na kuweka nyingine. Hapo ndipo gari la kifahari linapoanza kudai heshima yake.

Je, wajua kwamba tundu la redio lina cheti cha Kijerumani? Lile tundu la milimita 182 kwa 53 lilipimwa na shirika la viwango la Ujerumani, DIN, likaja kuwa kipimo cha dunia. Ukiyapanga mawili, moja juu ya jingine, unapata yale mapana ambayo siku hizi hupokea skrini. Toyota wao waliamua tundu lao liwe na upana wa milimita 200. Redio ya kawaida ina takriban 180, kwa hiyo inaacha mwanya wa milimita 10 kila upande. Vipo vipande vya plastiki vya kuziba, bei yake ndogo kabisa, na bado nimeona magari ya thamani yakiwa na vipande vya boksi la sabuni vilivyopakwa rangi nyeusi. Ukitaka kujua kama fundi anaipenda kazi yake, usimuulize maswali. Tazama pembeni mwa redio.

Fundi wa mjomba alikuwa Mbinga mjini, kijana mpole anayefanyia kazi chini ya mwembe. Alivua fremu ya dashibodi kwa kipande cha mpini wa mswaki alichokichonga, kwa sababu bisibisi, alisema, inaacha alama na Mzee ataiona kila siku mpaka afe. Akaivuta redio nje na shungi lote la nyaya. Akachukua testa, ile yenye kibalbu kidogo, akagusa mmojammoja.

"Mzee, redio inataka moto miwili," akamwambia mjomba. "Mmoja wa kulala, mmoja wa kuamka."

Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi. Redio mpya huja na waya wa njano na waya mwekundu. Wa njano una moto muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Huo ndio unaotunza kumbukumbu za stesheni. Mwekundu unapata moto ukigeuza swichi. Mweusi ni eathi. Wa bluu huiamsha amplifaya, na kwenye magari mengi ya zamani hupandisha antena ya umeme. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika nne. Kila rangi ina pacha wake mwenye mstari mweusi, huo ndio hasi.

Sasa utamu wake: kwenye Volkswagen nyingi na baadhi ya Mercedes, soketi ya gari imegeuza nafasi za njano na nyekundu. Ukichomeka plagi ya kawaida moja kwa moja, redio inaimba vizuri kabisa. Asubuhi imesahau kila kitu: saa, stesheni, sauti uliyoiweka. Watu wamerudisha redio nzima dukani wakidai ni feki, kumbe ni nyaya mbili zibadilishane. Na anayeunganisha zote mbili kwenye moto wa kudumu ili "isisahau" anaamka siku ya tatu hana betri.

Je, wajua kwamba redio inaweza kuungua kwa kufuata utaratibu wa babu yake? Kwenye magari mengi ya miaka ya 60 na 70 spika zilikuwa na waya mmoja wa sauti, na upande wa pili ulifungwa kwenye bodi la gari. Ilikuwa sawa kwa redio za wakati ule. Redio ya leo haitumii bodi kwa spika: nyaya zote mbili zinabeba sauti, zikivutana. Moja ikigusa bodi, redio hujizima yenyewe ukiwa na bahati. Usipokuwa nayo unasikia harufu. Anayeweka redio mpya kwenye gari la umri huo lazima avute nyaya mpya hadi kwenye kila spika, milangoni kote. Kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili, na mwenye gari anadhani anaibiwa.

Na lile boksi lililoandikwa wati 50 mara nne? Kwa umeme wa volti 14 wa gari, redio peke yake hutoa kama wati 20 hivi za kweli kwa kila spika. Zilizobaki ni za boksi.

Tukiwa kwenye magari ya umri huo, lazima niitaje Benzi, gari lililotupa neno Wabenzi. Kiambishi cha watu, wa-, kikabandikwa kwenye jina la kiwanda, na likapatikana kabila jipya la Afrika Mashariki lisilo na kijiji. Neno lilienea hadi likaanza kuandikwa na Waingereza. Ile W123, iliyozinduliwa 1976 na kufikia karibu milioni 2.7, bado inaonekana huku na kule, na kwa habari ya redio ndiyo rafiki wa fundi: tundu moja la kipimo cha kawaida, nyaya zinazosomeka. Nyingi zilikuja na redio ya Becker, kampuni ya Kijerumani, ambayo iliuza pia kiambatisho cha masafa mafupi. Kwetu hilo halikuwa pambo. Redio Tanzania Dar es Salaam, jina lililokuja mwaka 1965, ilisikika mikoani kwa masafa ya kati na mafupi, na bosi aliyetumwa Songea bila masafa hayo alikuwa na gari zuri lisilojua kinachoendelea serikalini. Ningekuwa na Benzi ya namna hiyo, redio ya zamani nisingeitupa. Ningeifunga kwa kitambaa niiweke kabatini.

Benzi za baadaye ni kisa kingine. Je, wajua kwamba kuna magari ambayo waya wa redio hutoa mwanga? Kwenye BMW ya 7 ya mwaka 2001, kwa mfano, na Mercedes E ya 2002, sauti husafiri kama mwanga ndani ya uzi wa plastiki. Vifaa vyote, redio, amplifaya, simu, vimeshikana mikono kwenye duara, kila kimoja kikipokea mwanga na kumpa jirani. Ukimtoa mmoja, duara limekatika na wote wananyamaza. Fundi aliyezoea testa anaichomoa plagi, anaona ncha ndogo inawaka nyekundu kama sigara gizani, na hapo testa yake haina la kusema. Kinachotakiwa ni kipande cha kuunganisha duara, au kikasha cha kutafsiri lugha hiyo kwa redio mpya, na wakati mwingine kikasha kinaishinda redio kwa bei.

Vitufe vya usukani ndivyo vinavyowaliza wengi baada ya kubadilisha redio, kwa sababu vinakufa. Watu hudhani ni anasa za juzi, kumbe redio ya gari ya kwanza ya Blaupunkt, mwaka 1932, ilikuwa na kirungu chake cha kuongozea kwenye mhimili wa usukani. Ilibidi, kwani redio yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 15 na haikuwa na mahali pa kukaa mbele ya dereva. Bei yake ilikuwa kama theluthi ya bei ya gari. Kwenye Toyota ya leo vitufe vyote hupita kwenye waya mmoja au nyaya mbili. Kila kitufe kina ukinzani wake, na redio inatambua kilichobonyezwa kwa kupima volti. Redio nyingi mpya za skrini zinaweza kufundishwa hilo: unabonyeza, inaandika, unabonyeza kingine. Muulize fundi kabla hajarudisha fremu. Baada ya hapo atakuangalia vibaya.

Kuna pia mtego wa betri. Redio nyingi za ramani za Toyota za Kijapani zikikosa umeme hata dakika chache hujifunga, zinaleta maandishi ya Kijapani na kudai namba ya siri, au kadi ya ramani ambayo mwenye gari wa kwanza alibaki nayo. Ni ulinzi dhidi ya wezi. Unamkamata mnunuzi halali Tanzania, miaka kumi baadaye, aliyebadilisha betri tu.

Mjomba alifungiwa redio mpya, akarudi Mbaha, na hapo tukajifunza jambo ambalo fundi hakuweza kutufungia. FM husafiri mstari ulionyooka. Nyuma ya ufuko wetu milima imesimama kama ukuta, na stesheni za upande wa Songea, ikiwemo Radio Maria iliyoanza kurusha matangazo huko mwaka 1996, lazima ziuvuke ukuta huo. Mbele kuna maji tu, na ng'ambo ni Malawi. Maji hayana mlima. Hasa jioni, hewa ya baridi inapolala juu ya ziwa na ya joto ikatanda juu yake, mawimbi ya redio hupinda na kufika mbali kuliko kawaida. Basi redio mpya ya mjomba, ikiambiwa itafute, ilisimama kwa Wamalawi. Wazee wetu wanaojua Kinyanja walifurahi kuliko mwenye gari.

Ufuko huu una historia ya habari kuchelewa. Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Kapteni Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen, ambaye amri ilikuwa imeshamfikia, akaja kutoka upande wa Waingereza na kuipiga mizinga. Mwenzake wa Kijerumani, waliyezoeana kunywa pamoja, hakuwa amesikia kwamba kuna vita.

Kitu kimoja fundi hakukitoa. Kila mjomba anapowasha gari, chini ya dashibodi sauti ya mwanamke inasema sentensi ndefu ya Kijapani, kwa adabu kubwa. Si redio, ni kisomaji cha kadi za tozo za barabara kuu za Japani, mfumo ulioanza nchi nzima mwaka 2001, na anachosema ni kwamba kadi haijachomekwa. Kichomoe plagi, atanyamaza. Fundi alijitolea kufanya hivyo bure. Mjomba akakataa: watoto wa jirani husimama dirishani asubuhi kumngoja, na wakishamsikia humjibu "Marahaba" kwa pamoja, kisha ndipo wanapokwenda shule.