Siku Moja ya Mashine Wakati wa Likizo

Kila mwaka, mwanzo wa Julai, shule zetu za Kongo hufungwa, na watoto hukaa nyumbani mpaka Septemba. Juma la kwanza mama hufurahi kupata mikono ya kumsaidia shambani. Juma la tatu huanza kuuliza: Mwanangu amekwenda wapi tangu asubuhi?

Huko Rumangabo, katika teritori ya Rutshuru, kilomita kama 45 kaskazini ya Goma, swali hilo si dogo. Jina la mahali hapo wengi walilijua kwa mambo mawili: makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kambi kubwa ya askari. Vita vilivyorudi Rutshuru vilipita mlangoni pao, na kambi hiyo ilitekwa mwezi wa Oktoba 2022. Kijana asiye na kazi mahali kama hapo huona njia mbili zilizo karibu naye: kushika bunduki, au kuingia msituni kuchoma makaa kwa siri. Sisi twasema iko njia ya tatu, nayo yaweza kuanza na siku moja tu ya likizo, ambayo parokia au shule yawakusanya vijana na kuwafundisha habari za mashine za siku hizi.

Mtu atacheka na kusema: Siku moja yafaa nini? Kweli, siku moja haimfanyi mtu kuwa fundi. Lakini yatosha kumwondolea mtoto hofu ya chombo. Tena yatosha kumwonyesha mwalimu ni nani aliye na jicho la ufundi, ambaye pengine darasani huhesabiwa kuwa mjinga.

Wala jambo hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyefiwa na baba yake akiwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, alijifunza ushonaji na kazi nyingine za mikono ili apate kusoma. Mwaka 1853 alifungua huko Torino vyumba vya kazi vya washona viatu na washona nguo, kwa ajili ya vijana maskini wa mji ule. Wanawe Wasalesiani wameendelea na kazi hiyo Ngangi, mjini Goma, hata katika nyakati ambazo uwanja wao ulijaa wakimbizi.

Tungependa siku hiyo isianze na kompyuta. Ianze na baiskeli. Mwezi wa Desemba 2015 kinu cha umeme cha Matebe kilifunguliwa juu ya mto Rutshuru, chenye nguvu ya megawati zaidi ya 13, na nyaya zake zikafika mpaka Goma. Lakini ni watoto wangapi wanaowasha taa waliopata kuelezwa umeme ule watoka wapi? Pindueni baiskeli yenye dinamo, magurudumu juu, na kila mtoto azungushe pedali kwa mkono wake. Akizungusha polepole, taa yafifia. Akiongeza mbio, taa yang'aa. Kisha mwambieni kwamba huko Matebe mto wafanya kazi ya mkono wake. Hatasahau.

Baadaye fungueni simu iliyokufa. (Betri itolewe kwanza na mtu mzima, na betri iliyovimba isiguswe kabisa, maana yaweza kulipuka moto.) Ndani yake mna vijipande vidogo kuliko punje ya mtama, vinavyoweka umeme akiba kwa nukta chache. Vingine vimetengenezwa kwa tantali, chuma kinachotoka katika koltani, na koltani ndiyo ile wanayoichimba ndugu zetu wa Rubaya, katika Masisi, mojawapo ya machimbo makubwa ya dunia. Wengi wa wachimbao jiwe hilo hawakuelezwa kamwe lafanya kazi gani. Kwetu sisi saa hiyo moja yapita hotuba kumi juu ya mali ya nchi yetu.

Mchezo unaofuata hautaki umeme. Mtoto mmoja afungwe macho na kitambaa. Yeye ndiye mashine. Wenzake wamwandikie maagizo, nao wamsomee neno kwa neno, mpaka achukue kikombe juu ya meza na kukipeleka mlangoni. Wakiandika "nenda mbele" bila kusema hatua ngapi, mashine itagonga ukuta. Wote watacheka, kisha watasahihisha, na hapo wamekwisha kuanza kutunga programu, maana kompyuta nayo haijui kukisia mtu alitaka kusema nini.

Basi sasa kompyuta zenyewe. Watoto watatu kwa kompyuta moja wanatosha. Wakizidi, wa nyuma wataangalia migongo ya wenzao. Zisipopata intaneti si hasara kubwa. Programu iitwayo Kiwix huwawezesha kusoma kamusi elezo ya Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, pasipo mtandao. Na Scratch, inayowafundisha watoto kupanga maagizo kwa picha za rangi, hufanya kazi vivyo hivyo. Mwalimu na awe na saa mkononi, abadilishe zamu kila dakika 10. Bila hivyo wavulana watashika kipanya tangu asubuhi mpaka jioni, na wasichana watapewa kazi ya kuwapongeza.

Lazima pia kusema habari za uvumi. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, simu za Goma zilijaa maneno ya kutisha, ya kweli na ya uongo pamoja, na watu hawakujua wamwamini nani. Mfundisheni kijana kuuliza kwanza: Nani asema? Amejuaje? Alisema lini? Na ujumbe wowote unaomwahidi kazi mjini kwa kumtaka atume fedha mbele, aufute. Mkitaka kielelezo, mpeni Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, naye alitumia kompyuta yake kueneza habari za miujiza ya Ekaristi.

Yabaki machache ya utaratibu. Mwenye kukusanya vijana katika nchi yenye vita hutiliwa shaka upesi. Kwa hiyo chefu na wazazi wajulishwe mapema, na orodha ya majina isiachwe juu ya meza, wala picha za watoto zisitawanywe katika simu. Siku imalizike saa tisa, ili wa mbali wafike nyumbani jua lingali juu. Wageni wa heshima wapewe viti, wasipewe muda mrefu wa kusema. Fedha za kuchapisha vyeti tungezinunulia maharage, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hasikii neno.

Na mwenye redio mbovu, tochi, au simu iliyokufa asiitupe. Ampe katekista wake Jumapili baada ya Misa, aiweke katika sanduku kavu, mbali na vumbi, mpaka Julai.