Je, Wajua? Ukoka Hushindwa na Kivuli cha Miombo
Katika kiwanja cha nyumba huko Rungwa, mkoani Singida, kilichobakizwa miombo, yaani miti ya asili kama mtundu na myombo, ukoka hudhoofu chini ya matawi kwa sababu ni nyasi inayohitaji jua kali ili kujitengenezea chakula. Jambo la kustaajabisha ni kwamba miombo huchipua majani yake machanga, mengi yakiwa mekundu kama shaba, wiki kadhaa kabla ya mvua, hivyo nyasi zinapoamshwa na matone ya kwanza hukuta kivuli kimekwisha kutanda. Nyasi ya Guinea (*Megathyrsus maximus*), ambayo asili yake ni Afrika, hustahimili kivuli kuliko ukoka, ingawa hurefuka kupita kimo cha mtu isipofyekwa.