Maua ya Masika na Chungu cha Mchunga

Mvua za masika zikishapusa, kabla kusi halijakaza, huja majuma machache ambayo mashamba ya pwani yetu huvaa nguo zao za Idi. Msafiri apitaye kwa gari katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi hayaoni haya. Yeye huona kijani tu, na mabango ya viwanja vinavyouzwa. Lakini mwenye kushuka na kushika njia ya miguu kuelekea baharini, kama nilivyofanya mimi mwezi wa Juni nilipokwenda kumjulia hali shangazi yangu upande wa Takaungu, kusini kidogo ya Kilifi, atayakuta maua hata akose pa kukanyaga.

Sisi watu wa pwani tukitaja maua, fikira zetu hukimbilia asumini, kilua na waridi, yaani maua ya kikuba na ya chumba cha bi arusi. Haya ya mwituni hatuyahesabu, kwani mengi hayanukii, na ua lisilonukia kwetu ni kama mgeni asiyetoa salamu. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimeishi miaka mingi bila kuyatazama.

Safari hii nilikuwa na mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka kumi na moja, mzaliwa wa mjini, naye ndiye aliyenifungua macho. Kila hatua mbili anauliza, "Ami, hili ni nini?" Katika kidimbwi kilichoachwa na mvua mayungiyungi yalikuwa yamefunuka, nikamwambia afaidi sasa, maana alasiri atayakuta yamejifumba. Kando ya ufuo palitambaa ule mmea wenye majani mfano wa kwato za mbuzi na maua ya zambarau, ambao mizizi yake huushika mchanga usichukuliwe na upepo. Penye makaburi ya zamani palijaa yale maua madogo meupe na ya waridi tuliyoyazoea. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, na tangu miaka ya 1960 madaktari wanatumia dawa zitokanazo na mmea huo kutibu saratani ya damu kwa watoto. Dawa hiyo hutengenezwa kwa vipimo vya wataalamu. Asidhani mtu kuwa atachemsha majani nyumbani akanywa, kwani mmea wenyewe una sumu.

Na sumu ndiyo iliyotaka kutuharibia siku. Tulipofika kwa shangazi na kumwamkia, kijana alitokomea vichakani. Aliporudi mkono mmoja alikuwa na ua la ajabu, jekundu lenye kingo za manjano, majani yake yamejipinda kwenda juu kama ndimi za moto. Mkono wa pili ameshika mzizi wake mnene, ameupangusa udongo, na anauliza kama kiazi hicho huchomwa au huchemshwa.

Shangazi hakujibu. Aliinuka upesi kuliko nilivyodhani umri wake unamruhusu, akampiga kofi la mkono mzizi ukaanguka, akamburuta hadi kwenye mtungi akamnawisha mara tatu. Kisha ndipo alipouliza, "Umetia kinywani?" Hakutia, alhamdulillahi. Mzizi ule hufanana na kiazi kidogo, na wako watu duniani waliokufa kwa kuula.

"Mwenziwe wa hapa wa miaka mitano anajua hilo," alinambia shangazi, na maneno yale yalinilenga mimi, si mtoto.

Moyo ulipotulia, akaingia jikoni. Chakula kilikuwa wali na mchunga, basi. Mchunga ni ile mboga ya mwitu yenye ua dogo la manjano, inayoota yenyewe shambani baada ya mvua, na Wamijikenda majirani zetu wanaithamini kama sisi au zaidi. Ni chungu, asikudanganye mtu. Shangazi huchuma majani machanga tu, kwa kuwa asema ukishatoa ua uchungu umezidi. Huyachemsha, akamwaga maji, akayakamua kwa mkono, akayakata. Nazi ameshaikuna kwa mbuzi na kuichuja kwa kifumbu, tui jepesi mbali na zito mbali. Majani huingia katika tui jepesi pamoja na kitunguu, pilipili mbichi na kipande cha ng'onda aliyerowekwa; tui zito huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mwiko hauachi kuzunguka lisije likakatika. Uchungu haupotei. Hubaki nyuma ya ulimi, nazi ikaufunika, na mtu akajikuta anaongeza wali bila kuambiwa.

Wataalamu nao wameamka. Mwaka 1999 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya vyakula vya asili vya nchi hii, na mwezi wa Desemba 2021 UNESCO ikaiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula hivyo katika orodha yake ya mifano bora ya kuigwa. Ni jambo la kujivunia. Lakini mchunga hauoti kitabuni.

Nyuma ya jiko la shangazi nimeona vigingi vya saruji vimeshasimamishwa. Watoto wake wanaoishi mjini wanataka shamba lipimwe viwanja, na siwalaumu sana. Karo za shule hazilipwi kwa maua. Yeye hakukataa. Amewaomba wamsubiri masika moja nyingine. Nilipotaka kusema neno akanizuia kwa mkono, akamwita kijana, akampa kikapu.

"Nenda kachume mwenyewe ya kuchukua nyumbani. Usiniletee maua."

Alikaa huko hata karibu na alasiri. Aliporudi, shangazi alimwaga kikapu chote juu ya mkeka, akayapitia majani moja moja, ananusa, anageuza, wala hasemi kitu. Akayatupa mawili, akamfungia yaliyobaki katika jani la mgomba.