Mutoto ametoa makala: kazi yake inapimwa kwa mzani gani?

Huku Basoko, pale Aruwimi inaingia ndani ya mto Kongo, mzazi mwenye kuishi na kazi ya shimo anajua mzani. Jiwe linawekwa, karati inasomwa, ubishi wa bei unaanza. Lakini kuko wazazi ambao feza ya jiwe ilipanda mashua mpaka Kisangani, ikalipa minerval ya mutoto kwenye informatique. Leo mutoto anarudi na kusema: «Papa, nimetoa makala.» Makala inalipa ngapi? Hailipi kitu. Mara ingine mwenye kuiandika njo anaombwa alipe. Sasa tunajua namna gani kama ile kazi ina uzito?

Tuchukue mutu mumoja. Antoine Bagula ni profesa wa informatique mwenye asili ya Kongo yetu. Alisoma Louvain kule Ubelgiji, na Stellenbosch kule Afrika ya Kusini. Mwaka 2006 akapata udaktari Stockholm, kwenye shule kubwa ya KTH. Tangu 2014 anafundisha kwenye Iniversite ya Western Cape. Kazi yake ni njia za intaneti: ujumbe upite wapi ili ufike bila kuzuia wengine.

Watu wa shimo watamuelewa haraka kuliko watu wa ofisi. Mchanga unapotoka chini, mifuko inapita mkono kwa mkono. Kama mifuko ya timu yote inapita kwa mutu mumoja, yule anaanguka wa kwanza, na kazi inasimama. Vifaa vidogo vya kupima, vile wanaita capteurs, vinapashana habari sawa vile, na kila kimoja kina betri yake. Bagula na wenzake walitafuta namna ya kugawanya mzigo, ili pasiwe kifaa kimoja cha kubeba wengine wote na kuzima mbele ya wakati. Mwaka 2012, yeye na Marco Zennaro wa Trieste, pamoja na wengine, walitoa ndani ya gazeti la kisayansi Sensors makala juu ya kupima uchafuzi na vifaa vya namna ile. Mwaka 2015 wakatoa ingine, juu ya mahali pa kusimamisha magari katika miji mikubwa.

Sasa mzani. Mwanasayansi mwenye kuandika makala anataja kazi za wengine alizotumia. Kila kutajwa kunahesabiwa. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwalimu wa fizike kule California, alileta hesabu moja inayoitwa h. Ni hivi: panga makala za mutu kwa mstari, yenye kutajwa sana mbele, yenye kutajwa kidogo nyuma. Tuseme zimetajwa mara 40, 12, 7, 4 na 2. Ya nne imetajwa mara 4: inapita. Ya tano imetajwa mara 2 tu: simama. h yake ni 4. Aliyeokota jiwe kubwa moja tu katika maisha yake, hata likitajwa mara elfu, h yake inabaki 1.

Ni mzani, lakini una ujanja wake, kama mizani mingine tunayoijua. Kutajwa si kusifiwa: hata anayekutaja kwa kusema ulikosea, anakuongezea. Mutu anaweza kujitaja mwenyewe. Marafiki wanaweza kutajana. Tena, Google Scholar inahesabu kile inachokiona kwenye intaneti. Mémoire nzuri iliyochapwa kopi tatu na kufungiwa ndani ya kabati la fakilte, kwa ule mzani ni sifuri.

Na mimi nina neno langu. Makala juu ya magari inaweza kutajwa sana Ulaya, na huku kwetu hakuna hata barabara ya lami ya kuyasimamisha. Ile ya hewa chafu inatugusa: ndani ya shimo refu hewa mbaya haionekani, na mutu anaanguka mbele ya kupiga kelele. Mutoto wa Basoko mwenye kutengeneza kifaa cha kuonya juu ya ile hewa anaweza kukaa na h ya 1 miaka mingi. Ni nani atamuambia papa yake kama feza ilipotea?

Kuko jambo moja la haraka. Mutoto akiomba feza ya kulipia makala, papa asikimbilie kuuza jiwe. Kuko magazeti ya uongo yanayokubali kila kitu, mradi ulipe. Kwanza mutoto aonyeshe jina la gazeti kwa profesa wake. Na wachapishaji wakubwa wengi wanaondoa au wanapunguza bei kwa waandishi wa inchi maskini, na Kongo iko kwenye ile orodha. Aandike barua na kuuliza mbele ya kutuma kazi. Wengi hawakubali ombi lile kisha facture kutoka.