Chai ya Mgeni kwa Watu wa Chaozhou

Anayeingia nyumbani kwa watu wa Chaozhou, mji ulio mashariki mwa jimbo la Guangdong, kusini mwa China, haulizwi kama atakunywa chai. Birika hutiwa motoni, sinia husogezwa, na mazungumzo huanza. Aliyezoea kikombe kikubwa cha chai ya maziwa atashangazwa na vyombo: buli la udongo linaloenea kiganjani, na vikombe vyeupe ambavyo kimoja huisha kwa mafunda matatu. Anaweza kudhani ni uchoyo. Kumbe udogo huo ndio uliobeba adabu yote.

Chai hii huitwa gongfu cha, na haiandaliwi kwa haraka. Kwanza buli na vikombe humiminiwa maji yanayotokota ili vipate joto, na mgeni hujionea kwa macho yake kwamba ni visafi. Kisha buli hujazwa majani mengi, mara nyingi yale ya milima ya Fenghuang iliyo karibu na mji. Maji ya moto humiminwa kutoka juu, povu huondolewa kwa kifuniko, na maji ya kwanza humwagwa. Yanayofuata ndiyo ya kunywa, nayo hukaa ndani ya buli kwa sekunde chache tu.

Kumimina kuna utaratibu wake. Vikombe hupangwa vikigusana, na mkono wa mwenyeji huvizungukia bila kusimama, kidogo hapa, kidogo pale. Wenyewe husema Guan Gong anafanya doria mjini, wakimtaja jemadari maarufu aliyekufa karibu mwaka 220. Matone ya mwisho, yaliyokolea kuliko yote, hugawiwa moja moja. Hapo husema Han Xin, jemadari mwingine wa kale, anahesabu askari wake. Shabaha ni haki: asiwepo wa kupewa chai nyepesi na mwenzake akapewa iliyokolea.

Desturi ya zamani ni vikombe vitatu, hata watu wakiwa watano au sita, kwa hiyo hapana budi kupishana. Aliyewazidi umri huanza, mgeni humtangulia mwenyeji, na kijana humsogezea kikombe aliye kando yake akimsihi anywe kwanza. Kikombe kilichotumika husuuzwa kwa maji ya moto kabla ya kumfikia mwingine. Akiingia mgeni mpya chai ikiendelea, majani hutupwa na kutiwa mapya, maana kumpa makapi ni kumwonyesha kwamba ujio wake haukuthaminiwa.

Kikombe pia hakijazwi hadi juu. Sehemu saba kati ya kumi zinatosha. Wachina husema pombe ikijaa ni heshima, chai ikijaa ni dharau. Sababu yake iko wazi: kikombe chembamba kisicho na kishikio kikijaa huunguza vidole, na aliyekishika ama amwage ama avumilie maumivu mbele za watu. Vilevile mdomo wa buli haumwelekei mgeni, kwani kumwelekezea ni kama kumwambia aondoke.

Mgeni naye ana wajibu wake. Akikabidhiwa kikombe hukipokea kwa mikono miwili. Akimiminiwa huku akizungumza, hugonga meza polepole kwa vidole viwili, akashukuru bila kukata maneno. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong wa karne ya 18, akisafiri bila kujitambulisha, alimmiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, basi akakunja vidole, vikapiga magoti badala yake. Hiyo ni hadithi tu, lakini ishara yenyewe imeenea katika nyumba za chai za Guangzhou na Hong Kong, ambako pia kuacha kifuniko cha buli kikiwa wazi ni kuomba kuongezewa maji.

Hata kuagana kulikuwa na namna yake. Enzi za nasaba ya Qing, ofisa aliyeona mazungumzo yametosha aliinua kikombe chake, na mtumishi akatangaza kwamba mgeni anaondoka. Nasi tunaosema siku ya tatu mgeni apewe jembe tunaelewa haja hiyo. Wachina waliitimiza kwa kikombe.

Uzito wa chai huonekana zaidi harusini. Bwana na bibi harusi hupiga magoti mbele ya wazazi na kuwapa chai kwa mikono miwili. Wazee wakishakunywa, hutoa bahasha nyekundu zenye fedha, na tangu hapo bibi harusi huwaita wakwe zake baba na mama.

Novemba 2022, UNESCO iliingiza utengenezaji wa jadi wa chai ya China, pamoja na desturi zake, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na chai ya Chaozhou imo. Heshima hiyo inastahili. Kikombe kikubwa humruhusu mwenyeji kumimina mara moja na kwenda kwenye shughuli zake. Kile kidogo humlazimu akae, atazame ni kipi kimekauka, amimine tena. Wanaosema chai hii inakula muda wanasema kweli, na muda huo ndio takrima anayopewa mgeni.