Mshtuko wa Moyo: Maumivu Yanayodhaniwa Kuwa Vidonda vya Tumbo

Mtu anaposhikwa na maumivu katikati ya kifua usiku, mara nyingi huambiwa ni gesi au vidonda vya tumbo. Hupewa soda au maji ya magadi, kisha familia husubiri kupambazuke. Pengine kweli huwa ni kiungulia. Lakini ikiwa ni mshtuko wa moyo, saa hizo za kusubiri zaweza kumgharimu uhai.

Moyo husukuma damu mwilini kote, nao pia hulishwa na mishipa yake wenyewe. Kwa miaka mingi lehemu hujijenga katika kuta za mishipa hiyo. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa baada ya nusu saa hivi, na uliokufa haurudi tena.

Maumivu ya namna hii hubana au kulemea kifua kama mzigo, yakasambaa hadi begani, mkononi, shingoni au kwenye taya, pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu na kukosa pumzi. Baadhi ya wanawake, wazee na wenye kisukari hawaumwi kifua kabisa. Huhisi uchovu wa ghafla na pumzi kubana tu, na hao ndio wanaosahaulika kwa urahisi. Mgonjwa aketishwe, asitembezwe wala kuachwa aendeshe pikipiki mwenyewe. Apelekwe mara moja hospitalini au kituo cha afya, si duka la dawa.

Kinga kubwa ni kujua presha, kwa kuwa shinikizo la juu la damu huweza kukaa miaka bila dalili. Kipimo kinachorudia kufika 140/90 au zaidi kinahitaji ushauri wa mtaalamu. Wapo wanaoacha vidonge wakiona nafuu, wakisahau kwamba nafuu hiyo imeletwa na vidonge hivyo hivyo.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika viungo vya mchuzi vya dukani. Anayeacha sigara hupunguza takriban nusu ya hatari iliyoongezwa na sigara ndani ya mwaka mmoja. Mkulima anayeshika jembe kutwa hahitaji kuhimizwa mazoezi. Mtumishi wa ofisini anahitaji walau dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki.

Upimaji wa presha katika zahanati huchukua dakika chache, na mwenye umri wa miaka 40 na zaidi asingoje kuugua ndipo aende.