Dirisha Likivunjwa Usiku: Namna ya Kuziba Jengo Kabla Giza Halijarudi

Safari hii tumeamua kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifikiria siku ile tu linapotupata. Jengo limevunjwa usiku. Vioo vimetapakaa, mlango unaning'inia kwa bawaba moja, na jua likitua leo jengo litakuwa wazi. Utafanya nini katika saa hizo chache ulizo nazo?

Tunaandika kwa sababu yalitupata sisi wenyewe. Hapa Pap Onditi tuna chumba cha jumuiya ambacho upande wa mbele ni darasa la chekechea na upande wa nyuma ni stoo ya mahindi ya kikundi cha akina mama. Usiku mmoja watu walivunja madirisha matatu, wakang'oa komeo la mlango, wakachukua magunia mawili. Asubuhi tulikusanyika, tukasikitika, tukasali. Halafu tukapigilia mbao kuukuu kwa misumari ya inchi 3, kila mtu akaenda zake. Usiku wa pili walirudi. Waling'oa mbao zile kwa jembe tu, wakamaliza yaliyobaki: magunia tisa, sufuria ya uji ya watoto, na hata mabati manne ya paa.

Kusema kweli, hasara ya usiku wa kwanza ilikuwa ya mwizi. Ya usiku wa pili ilikuwa yetu pia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba, lakini kwa matope.

HAYA SI YA PAP ONDITI PEKE YAKE

Wengi wenu mnakumbuka siku za mwisho wa Desemba 2007, wakati ghasia za uchaguzi zilipozuka. Maduka mengi ya barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu yaliporwa, na mengine yakachomwa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini, na mali iliyopotea ni nyingi mno. Tangu hapo, uchaguzi ukikaribia, wenye maduka mjini huondoa bidhaa mapema na kuita mafundi wa kuchomelea waimarishe milango. Hapa karibu nasi, soko la Sondu lililoko mpakani na Kericho lilipata taabu mwaka 1992, na tena mwaka 2023. Na katika maandamano ya Juni 2024 na Juni 2025 tuliona maduka ya watu wasio na hatia yakivunjwa Nairobi na kwingineko.

Huko Uingereza na Marekani kuna kampuni ambazo kazi yao ni hii tu: unapiga simu usiku, wanakuja na gari lililojaa mbao, wanaziba dirisha lako na kukuletea hesabu. Sisi hapa hatuna kampuni hiyo. Tuna fundi seremala, tuna welda wa jua kali, tuna majirani. Wakipangwa vizuri, hao wanatosha kabisa.

KWANZA NI WATU

Usiingie mbio. Kama kuna moshi, harufu ya gesi, au kama unadhani wahalifu bado wamo ndani, kaa mbali na upige simu 999 au 112. Kama kuna stima, zima swichi kuu kabla ya mtu kugusa kitu. Waya uliokatwa na kuning'inia usiuguse hata kwa kijiti. Waite Kenya Power.

Watoto wasikaribie. Anayeokota vioo avae viatu vigumu na glovu, au ajifunge gunia mikononi. Vipande vya kioo vilivyobaki kwenye fremu viondolewe kuanzia juu kwenda chini, maana ukianza chini, cha juu kitakudondokea mkononi. Kisha vifukiwe katika shimo refu. Wengi wetu tunatembea na ndala, na watoto wetu pekupeku.

PILI NI USHAHIDI

Hapa ndipo tunapokosea sana kwa sababu ya usafi wetu. Mama akiona uchafu anachukua ufagio. Ngoja kwanza, mama! Piga picha kwa simu, nje na ndani, kila dirisha na kila mlango. Andika orodha ya vitu vilivyopotea na vilivyoharibika huku kumbukumbu ikiwa bado moto. Mjulishe mzee wa kijiji na chifu, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe ripoti na upewe nambari ya OB. Iandike nambari hiyo mahali pa kudumu.

Baadhi yetu husema, "Polisi wa nini, hawatamshika mtu." Labda. Lakini bila nambari hiyo hakuna kesi, hakuna bima, na kijana akishikwa mwezi ujao na sufuria yenu, hamtakuwa na la kuonyesha. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 339, inasema kuharibu mali ya mwingine kwa makusudi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Na kama mna bima, isomeni leo, si siku ya hasara. Bima za kawaida mara nyingi hazilipi uharibifu wa ghasia za kisiasa mpaka uwe umelipia kinga hiyo zaidi.

TATU NI KUZIBA DIRISHA

Majengo yetu mengi yana fremu za chuma. Chuma hakipigiliwi misumari, kwa hiyo msumari unaingia kwenye plasta ya ukuta, nayo plasta hubanduka ukivuta kidogo tu. Ndivyo mbao zetu zilivyong'oka. Hata kwenye fremu ya mbao, msumari uliopigiliwa kutoka nje hung'olewa kutoka nje. Njia iliyo bora ni kubana dirisha katikati, mbao nje na mbao ndani, hivi:

1. Pima dirisha. Kata plaiwudi ya milimita 12 au 18 ili ipite ukingo wa dirisha kama sentimita 10 kila upande. Plaiwudi moja ni futi 8 kwa 4, kwa hiyo pima yote kwanza ndipo ukate. Kama plaiwudi haipo, mabati juu ya mbao yatafaa.

2. Kata mbao mbili imara za inchi 2 kwa 4, ndefu kuliko upana wa dirisha kwa sentimita 15 kila upande. Hizi zitalala ndani, zikiegemea ukuta, moja juu na moja chini.

3. Toboa plaiwudi na mbao hizo mahali pamoja, kisha pitisha bolti nne kupitia nafasi zilizoachwa na vioo. Kichwa cha bolti kiwe nje, nacho kiwe cha mviringo kisichoshikika kwa spana. Washa na nati ziwe ndani. Bolti lazima iwe ndefu ya kupita unene wa ukuta na mbao. Ukiikosa dukani, welda atakukatia chuma chenye hesi na kukichomelea kichwa.

4. Kaza nati mpaka plaiwudi itulie kabisa. Sasa mtu wa nje hana pa kushika: hakuna msumari wa kung'oa wala nati ya kufungua. Kama dirisha lina grili, kazi ni nyepesi zaidi, maana unaweza kuibana plaiwudi kwenye grili yenyewe.

5. Toboa matundu madogo machache sehemu ya juu ili hewa ipite. Stoo ya mahindi isiyo na hewa huota ukungu, na mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa sumu. Tutakuwa tumeyaokoa kwa mwizi tukayapoteza kwa unyevu.

Mvua ya huku kwetu, ile inayokuja jioni na upepo, haina huruma kwa plaiwudi. Paka kingo rangi au hata oili chafu, ambayo pia husaidia kufukuza mchwa. Na kama jua limekwisha kutua, hamna bolti wala fundi? Basi hamisheni mali. Pelekeni magunia kwa jirani anayeaminika, zibeni kwa turubai ili mvua isiingie, na watu wawili watatu walale hapo. Jengo tupu halimvutii mwizi sana.

NNE NI MLANGO NA PAA

Komeo likifungwa kwa skrubu fupi hung'oka kwa teke moja. Lifungeni kwa bolti zinazopita mlango mzima, nati zikiwa ndani. Kama miimo imepasuka, iungwe kwa mbao mpya ndefu, si kipande cha shubiri moja. Kama funguo zimepotea pia, badilisheni kufuli siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Na kwa kuwa nati za madirisha zinakazwa kutoka ndani, mlango uwe wa mwisho katika kazi, la sivyo fundi atajifungia ndani (msicheke, ilikaribia kutokea).

Paa lililong'olewa mabati lifunikwe turubai lililofungwa kwa kamba kwenye boriti na kubanwa kwa mbao zilizopigiliwa. Msiweke mawe juu ya paa. Upepo ukivuma jiwe litashuka, nalo halichagui kichwa.

TANO: MSIJENGE MTEGO

Ndugu zetu, hapa tunaomba msome polepole. Baada ya usiku ule wa pili tulikuwa na hasira. Tulimwita welda, naye akataka kuuchomelea mlango wa nyuma usifunguke tena maisha. Tulikubali. Ni mwalimu wa chekechea aliyetuuliza swali moja: "Na moto ukianza huku mbele, watoto watatokea wapi?" Tukanyamaza. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa, na mlango uliobaki ungekuwa mmoja tu.

Kenya inajua maumivu haya. Mwezi wa Machi 2001, moto katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ifunguke kwa nje, isifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wamo ndani, na madirisha ya mabweni yasiwe na grili. Hata hivyo tarehe 5 Septemba 2024 moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, ukatuondolea wavulana 21.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii. Jengo la mali tupu liwe na mlango angalau mmoja unaofunguka upesi kutoka ndani. Jengo ambalo watu hukaa au hulala liwe na njia mbili za kutokea, na dirisha moja lisizibwe kabisa. Gunia la mahindi tunaweza kulichangia tena. Mtoto hatuwezi. Mlango wetu wa nyuma haukuchomelewa. Uliwekwa komeo zito la ndani, ambalo hata mtoto wa darasa hilo analifikia na kulivuta. Darasa likiwa na watoto, hakuna kufuli juu yake.

Vilevile msitege waya wa stima dirishani, wala misumari iliyochongoka mahali mtu asipoiona. Atakayenaswa huenda akawa mtoto aliyefuata mpira wake, na wewe ndiwe utakayejibu mahakamani.

SITA: KULINDA BILA KUUA

Usiku wa kwanza baada ya kuziba, panga zamu. Watu wawili wawili, tochi, filimbi, na nambari za simu za chifu na kituo. Kazi yao ni kuona na kupiga kelele, basi. Tunasema hivi kwa sababu tunajua mambo yanavyokwenda sokoni: mtu mmoja akipaza sauti "mwizi!", kabla hujageuka tairi limekwisha kuletwa. Kumchoma mtu ni kuua, hata kama alikuwa na gunia lako begani. Wala msimtaje kijana fulani kwa sababu tu hana kazi au kwa sababu anatoka ng'ambo ya mpaka. Mbao huziba dirisha, lakini neno la uongo likiisha kutoka, hakuna fundi wa kuliziba.

Ukweli ni kwamba wengi wanaovunja ni wa kwetu. Kwa hiyo sisi tuliwaita vijana wa sokoni, hata wale tuliokuwa na mashaka nao, wasaidie fundi kwa malipo ya siku. Hatukuuliza mengi. Walioibeba plaiwudi ile kwa mabega yao wamekuwa wakilichungulia jengo hilo kama lao.

SABA: MBAO SI UKUTA

Plaiwudi ni plasta juu ya kidonda. Haikuwekwa ikae milele. Andikeni juu yake kwa chaki tarehe mliyoiweka, na tarehe mtakayorudisha vioo. Nyumba iliyozibwa miezi sita huonekana haina mwenyewe, na kinachoonekana hakina mwenyewe huvunjwa tena. Sisi tulijipa wiki tatu na tukamaliza kwa tano, maana mchango ulichelewa.

Tunashauri kila jumuiya ndogo ndogo iwe na sanduku moja la dharura: msumeno, nyundo, spana mbili, drili ya mkono, bolti na nati kumi na mbili, turubai, kamba, glovu, tochi, na kufuli jipya moja. Plaiwudi mbili zikae kwenye dari ya mtu mnayemwamini. Wawepo watu wawili wanaojua ufunguo ulipo.

Katika kitabu cha Nehemia tunasoma jinsi watu wa Yerusalemu walivyojenga upya ukuta uliobomolewa, baadhi yao wakitengeneza sehemu iliyoelekeana na nyumba zao, na kazi ikaisha kwa siku 52. Basi leo jioni, kabla hujalala, zunguka jengo lenu la jumuiya mara moja. Tikisa komeo. Sukuma dirisha. Halafu simama ndani ujiulize: moto ukianza sasa, nitatokea wapi?